Draiva ya hifadhidata: mwongozo kamili wa kuunganisha programu yako na PostgreSQL

Programu ya kwanza niliyomwandikia mtu akanilipa iliangushwa na ng'ombe. Lilikuwa duka la pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za mifugo. Tuliijaribu wiki nzima kwa mahindi, maharage na DAP, ikaenda vizuri. Siku ya kwanza ya kazi mteja akaulizia chumvi ya ng'ombe, muuzaji akaandika jina kama linavyoandikwa, skrini ikajaa maandishi mekundu. Muuzaji hakukosea, na hifadhidata haikuwa na ubovu wowote. Mimi ndiye niliyekuwa nimeipita draiva pembeni, kwa kuwa sikujua kazi yake hasa ni ipi. Kwangu ilikuwa kifurushi unachopakua ili mstari wa `import` usilalamike.

Tutaunda kipande kidogo cha programu ya duka kama lile, kwa Python na PostgreSQL, tukitazama kila mara draiva inafanya nini katikati. Wanaotumia PHP, Java au Excel wana sehemu yao mwishoni. Kuhusu maneno: wengine huandika "kiendeshi" badala ya draiva, na wengi Tanzania husema "kanzidata" badala ya hifadhidata. Ni vitu vilevile.

## Kwanza, nani anaongea na nani

PostgreSQL ni programu ya hifadhidata inayojitegemea. Inakaa kwenye kompyuta yako au ya mbali, ikisikiliza kwenye poti 5432. (MySQL husikiliza 3306, SQL Server 1433, Oracle 1521.) Haijui Python, haijui Java. Inachojua ni itifaki yake: ujumbe wa kawaida huanza na baiti moja inayotaja aina yake, zikifuata baiti nne za urefu, kisha mzigo wenyewe. Programu yako nayo haijui habari hizo za baiti. Inajua orodha, namba na maandishi.

Draiva inakaa kati yao na inajua lugha zote mbili. Inafungua njia ya mtandao, inajitambulisha kwa niaba yako, inapeleka SQL (lugha ya kuiagiza hifadhidata), inapokea baiti za majibu na kuzigeuza kuwa vitu ambavyo Python inavielewa. Makosa ya seva nayo huyapokea na kuyarusha kwako kama makosa ya Python.

Zamani kila hifadhidata ilikuja na maktaba yake na majina yake ya amri, hivyo ukihama hifadhidata unaandika upya nusu ya programu. Microsoft ilitoa ODBC mwaka 1992 ili programu zizungumze na hifadhidata yoyote kwa mtindo mmoja. Java ikapata JDBC mwaka 1997, na Python ikaandika makubaliano yake, PEP 249, mwaka 1999. Ndiyo maana ukishajua draiva moja ya Python, nyingine hazikutishi: zote zina `connect`, `cursor`, `execute`, `fetchone`, `commit`.

## Hatua ya 1: Tayarisha seva

Nachukulia PostgreSQL imeshawekwa. Ingia kwa mtumiaji mkuu kupitia `psql`, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL (kwenye Linux, `sudo -u postgres psql`), kisha:

```
CREATE USER muuzaji WITH PASSWORD 'weka-lako-hapa';
CREATE DATABASE duka OWNER muuzaji;
```

Usiache kumpa `muuzaji` umiliki wa hifadhidata. Tangu toleo la 15, mtumiaji wa kawaida hawezi kuunda majedwali kwenye `public` (eneo la kawaida la majedwali) bila ruhusa, na mafunzo mengi ya zamani mtandaoni hayalisemi hilo. Utaona `permission denied for schema public` ukadhani draiva ni mbovu.

Sasa ingia kama muuzaji, `psql -h localhost -U muuzaji duka`, uunde majedwali mawili:

```
CREATE TABLE bidhaa (
  id    bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  jina  text NOT NULL UNIQUE,
  bei   numeric(12,2) NOT NULL,
  idadi integer NOT NULL CHECK (idadi >= 0)
);

CREATE TABLE mauzo (
  id        bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  bidhaa_id bigint NOT NULL REFERENCES bidhaa(id),
  kiasi     integer NOT NULL CHECK (kiasi > 0),
  wakati    timestamptz NOT NULL DEFAULT now()
);
```

Ukiweza kuingia kwa `psql` kwa jina na nenosiri hilohilo, umeshathibitisha kwamba seva iko hai na mlango uko wazi. Kosa lolote litakalotokea baada ya hapo litafute upande wako. Kipimo hiki cha dakika moja huokoa saa nyingi.

## Hatua ya 2: Weka draiva

```
python -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
pip install "psycopg[binary,pool]"
```

Kwenye Windows, mstari wa pili ni `mazingira\Scripts\activate`.

Hii ni Psycopg toleo la 3. Utakutana na `psycopg2` kwenye miradi mingi iliyopo. Bado inafanya kazi, lakini kwa mradi mpya sioni sababu ya kuanzia huko. Psycopg haizungumzi itifaki yenyewe moja kwa moja. Imejengwa juu ya libpq, maktaba ya lugha ya C inayotengenezwa na watu wa PostgreSQL wenyewe, na neno `binary` hapo juu linakuletea libpq ikiwa tayari imeshajengwa. Bila neno hilo utahitaji libpq iwepo kwenye mashine yako, na hapo ndipo wengi hukwama siku ya kwanza.

Zipo draiva zisizotegemea C kabisa. Mfano ni pg8000, iliyoandikwa kwa Python tupu. Inakufaa pale usipoweza kuweka maktaba za ziada.

## Hatua ya 3: Unganisha

Maelezo ya muunganisho yaweke nje ya msimbo, kwenye kigeu cha mazingira:

```
export DUKA_DB="host=localhost port=5432 dbname=duka user=muuzaji password=weka-lako-hapa connect_timeout=5"
```

Kisha faili `jaribu.py`:

```
import os
import psycopg

with psycopg.connect(os.environ["DUKA_DB"]) as mu:
    print(mu.execute("SELECT version()").fetchone())
```

Nenosiri lililoandikwa ndani ya msimbo hufika GitHub siku moja, hata ukiapa kwamba halitafika. Na `connect_timeout=5` usiiache: mtandao ukikatika bila kuaga, programu isiyo na kikomo inasubiri muda mrefu huku muuzaji akibofya tena na tena.

Ndani ya ule mstari wa `connect` kumetokea mengi. Draiva imefungua njia ya TCP hadi poti 5432. Kabla ya kutaja jina la mtu, imeuliza seva kama inakubali usimbaji fiche, na seva hujibu kwa herufi moja tu: `S` kwa ndiyo, `N` kwa hapana. Ndipo inapotuma jina la mtumiaji na la hifadhidata. Seva ikadai uthibitisho, kwa kawaida SCRAM-SHA-256, njia iliyoingia PostgreSQL 10 mwaka 2017. Uzuri wake ni kwamba nenosiri lenyewe halisafiri: pande zote mbili zinathibitishiana kwa hesabu kwamba zinalijua. Mwisho seva inatuma `Z`, maana yake "niko tayari".

Safari hiyo ya kwenda na kurudi mara kadhaa ina gharama. Kama seva iko kwenye kompyuta yako huioni. Ikiwa uko Mwanza na seva yako iko Ulaya, utaihisi, na tutairudia kwenye hatua ya 6.

Kwa seva ya mbali ongeza `sslmode=verify-full` na cheti cha anayetoa huduma kupitia `sslrootcert`. Hali ya kawaida ya libpq ni `prefer`: inatumia usimbaji fiche ukipatikana, usipopatikana inaendelea wazi bila kukwambia. Kwenye mtandao wa watu usikubali hilo.

### Ikigoma: sikiliza nani anayesema

Hapa nitakaa kidogo. Watu wengi wakiona kosa la muunganisho hubadilisha kila kitu kwa pamoja: nenosiri, poti, draiva. Soma ujumbe ujue umetoka kwa nani.

`No module named 'psycopg'`. Python ndiyo inayosema. Draiva haipo kwenye mazingira uliyowasha. Mara nyingi umesahau ile `activate`.

`could not translate host name`. Jina la seva halijulikani kwenye mtandao. Umelikosea herufi, au huna intaneti.

`Connection refused`. Mashine imefikiwa, ila hakuna anayesikiliza kwenye poti ile. Seva imezimwa, poti si hiyo, au PostgreSQL inasikiliza `localhost` pekee. Hali hiyo ya mwisho ndiyo ya kawaida mpaka ubadilishe `listen_addresses`.

`timeout expired`. Kimya kabisa. Ukuta wa moto unameza vifurushi njiani. Kwenye seva za kukodi, anza kutazama kanuni za mtandao za mtoa huduma.

Ukiona neno `FATAL:`, furahi kidogo: umeshafika, ni seva yenyewe inayokujibu. `FATAL: password authentication failed` ni nenosiri au jina la mtumiaji. `FATAL: no pg_hba.conf entry for host` maana yake ni kwamba faili la `pg_hba.conf` halina mstari unaoruhusu mtumiaji huyo kutoka anwani hiyo. Kwa makosa haya kubadilisha draiva hakusaidii kitu. Isipokuwa draiva ya zamani mno isiyojua SCRAM. Nayo hulalamika yenyewe kwamba njia ya uthibitisho haiijui.

## Hatua ya 4: Tuma thamani mbali na SQL

Sasa turudi kwa ng'ombe. Nilikuwa nimeandika hivi:

```
mu.execute("SELECT bei FROM bidhaa WHERE jina = '" + jina + "'")
```

Kwa "Mbegu ya mahindi" hakuna shida. Kwa "Chumvi ya ng'ombe", kinachofika kwenye seva ni `jina = 'Chumvi ya ng'ombe'`. Kile kitone cha juu kinafunga maandishi baada ya `ng`, na seva inalalamika kuhusu sarufi karibu na `ombe`. Kwa lugha yetu hili haliepukiki: ng'ombe, ng'ambo, Lang'ata, na majina ya watu kama Kang'ethe na Nyang'au. Programu iliyojaribiwa kwa John Smith tu haijajaribiwa.

Na hiyo ndiyo nusu ndogo ya tatizo. Mtu mwenye nia mbaya akiandika `' OR '1'='1` kwenye kisanduku cha kutafutia, anapata orodha yote. Akijua zaidi, anafuta.

Njia sahihi:

```
from decimal import Decimal

mu.execute(
    "INSERT INTO bidhaa (jina, bei, idadi) VALUES (%s, %s, %s)",
    ("Chumvi ya ng'ombe", Decimal("4500"), 60),
)

mstari = mu.execute(
    "SELECT id, bei, idadi FROM bidhaa WHERE jina = %s",
    ("Chumvi ya ng'ombe",),
).fetchone()
```

(Mistari hii iwe ndani ya `with psycopg.connect(...) as mu`.) Zile `%s` zinashika nafasi tu. Usiziwekee alama za nukuu, na usitumie `%` ya Python kuzijaza. Weka koma, mwachie draiva. Psycopg 3 hutuma SQL kwa seva peke yake, na thamani zikifuata katika ujumbe mwingine. Seva inakuwa imeshaelewa sentensi kabla ya kuona neno "ng'ombe", kwa hiyo kitone hakina pa kuharibu. Psycopg2 ilifanya tofauti, ikiunganisha thamani ndani ya SQL yenyewe kwa uangalifu. Salama pia, ila kazi yote ilikuwa upande wako wa mtandao.

Vitego vitatu vidogo. Thamani moja bado inahitaji koma, `(jina,)`, la sivyo Python haihesabu kuwa ni kundi. Ukiwa na `LIKE`, weka asilimia ndani ya thamani: `("%ng'ombe%",)`. Na huwezi kupitisha jina la jedwali au la safu kwa `%s`, kwa sababu hizo ni sehemu ya sentensi; kwa hilo ipo `psycopg.sql.Identifier`.

Majibu yakirudi, kila safu huja na namba ya aina yake: 25 ni `text`, 23 ni `integer`, 1700 ni `numeric`, 1184 ni `timestamptz`. Draiva inatazama namba hiyo ndipo iamue ikupe nini. Kwa hiyo `bei` hurudi ikiwa `Decimal`, na usiigeuze kuwa `float` eti kwa urahisi. Ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwa `float` hupati 0.3 kamili, na mwenye duka akifunga hesabu usiku hatataka kusikia habari za baiti. Nao `wakati` unarudi ukiwa na saa za eneo lake, kulingana na mpangilio wa muunganisho. Ukitaka saa za Afrika Mashariki, tekeleza `SET TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'`.

## Hatua ya 5: Muamala

Kuuza ni mambo mawili: kupunguza stoo na kuandika mauzo. Umeme ukikatika katikati, lisibaki moja. Muamala huzifunga amri pamoja: zinafanikiwa zote, au hakuna hata moja.

```
def uza(mu, bidhaa_id, kiasi):
    with mu.transaction():
        mu.execute(
            "UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - %s WHERE id = %s",
            (kiasi, bidhaa_id),
        )
        mu.execute(
            "INSERT INTO mauzo (bidhaa_id, kiasi) VALUES (%s, %s)",
            (bidhaa_id, kiasi),
        )
```

Bidhaa ikiwa haitoshi, ule `CHECK (idadi >= 0)` unagoma, na muamala wote unarudishwa nyuma. Kosa linafika kwako likiwa na jina:

```
try:
    uza(mu, 1, 500)
except psycopg.errors.CheckViolation:
    print("Stoo haitoshi")
```

Jina hilo draiva imelitoa kwenye msimbo wa herufi tano uitwao SQLSTATE: 23514 kwa sharti lililovunjwa, 23505 kwa kitu kilichojirudia. Tegemea jina au msimbo. Usitafute maneno ndani ya ujumbe, kwani seva inaweza kuwekwa lugha nyingine.

Kuna jambo linalowashangaza wanaotoka `psql`: Psycopg hufungua muamala yenyewe mara tu unapotekeleza amri ya kwanza, hata `SELECT`. Ukimaliza kizuizi cha `with psycopg.connect(...)` salama, inathibitisha muamala (`commit`) na kufunga muunganisho. Usipotumia `with` na ukasahau `commit()`, data yako "inapotea" bila kosa lolote kuonekana. Na muunganisho ulioachwa wazi katikati ya muamala hushikilia kufuli. Ukishuku hilo, tazama `SELECT pid, state, query FROM pg_stat_activity` utafute `idle in transaction`.

## Hatua ya 6: Akiba ya miunganisho

Kwa skripti ya mara moja, hatua tano zinatosha. Kwa tovuti, usifungue muunganisho kila ombi. PostgreSQL huanzisha mchakato mzima kwa kila muunganisho, na kikomo cha kawaida, `max_connections`, ni 100. Niliwahi kuusahau ukweli huo kwenye mfumo wa matokeo ya wanafunzi. Siku matokeo yalipotoka, saa tatu asubuhi: `FATAL: sorry, too many clients already`. Wazazi walinifunza adabu.

```
from psycopg_pool import ConnectionPool

akiba = ConnectionPool(
    os.environ["DUKA_DB"], min_size=2, max_size=10, timeout=10, open=True
)

with akiba.connection() as mu:
    uza(mu, 1, 2)
```

Miunganisho inabaki wazi, inaazimwa na kurudishwa, na gharama ile ya salamu za mwanzo unailipa mara chache. Kumi wakiwa kazini, wa kumi na moja anasubiri hadi sekunde 10, kisha anapata kosa. Usikimbilie kuweka `max_size=100`. Ukiendesha nakala nne za programu yako, kila moja ina akiba yake: nne mara 100 ni 400, na umerudi palepale.

## Kama hutumii Python

PHP: yale mafunzo ya `mysql_connect()` yatupe. Kiendelezi hicho kiliondolewa PHP 7.0 mwaka 2015. Tumia PDO, na vishika nafasi vyake ni `?` au `:jina`. Ukihamia MySQL 8.0 na draiva ya zamani ikalalamika kuhusu `caching_sha2_password`, isasishe draiva. Kuirudisha seva kwenye njia ya zamani ya nenosiri kunashusha usalama kwa uvivu tu. Na herufi ziwe `utf8mb4`. `Utf8` ya MySQL huishia baiti tatu kwa herufi, emoji ya kwanza ya mteja itaivunja.

Java: anwani ni `jdbc:postgresql://localhost:5432/duka`. `No suitable driver found` karibu kila mara ni mambo mawili: faili la jar la draiva halimo kwenye classpath, au umekosea mwanzo wa anwani. `Class.forName` haihitajiki tangu JDBC 4.0. Kwa thamani tumia `PreparedStatement`, alama ikiwa `?`.

Excel: mwenye duka atakuomba tu aone mauzo kwenye Excel, na hapo ndipo ODBC inapokufaa. Weka psqlODBC, kisha unda DSN (jina linalobeba maelezo ya muunganisho). Kitego kikubwa ni biti: Excel ya biti 32 haiwezi kutumia draiva ya biti 64, na kosa lake hutaja `architecture mismatch`. Kwenye Excel fungua File, Account, About Excel uone ni ipi. Windows ina dirisha mbili za kusimamia ODBC, na majina yake yanachekesha: ya biti 64 ni `C:\Windows\System32\odbcad32.exe`, ya biti 32 iko `C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe`. DSN iliyoundwa kwenye dirisha lisilo lake haifanyi kazi. Na mtumiaji wa Excel mpe ruhusa ya kusoma peke yake:

```
CREATE USER msomaji WITH PASSWORD 'jingine-tofauti';
GRANT SELECT ON bidhaa, mauzo TO msomaji;
```